Kipa Hatoi Mkono

Watu wa Ukunda waliijua siku ya mechi kwa namna nilivyowasalimia. Siku nyingine nilitoa mkono kama mtu yeyote aliyelelewa: wa mzee niliubusu, wa rika langu niliupiga mpaka ukalia. Siku ya mechi niliweka mikono nyuma, nikasema shikamoo kwa mdomo tu, nikapita. Waliokuwa wakijua waliniuliza, "Imefungwa?" nami nikajibu imefungwa, tukaishia hapo. Wasiojua waliniona sina adabu. Shangazi yangu wa Msambweni alininunia mwaka mzima kwa sababu nilimwacha na mkono wake hewani mbele ya mawifi zake, na nilipokwenda kumwomba radhi akaniuliza ni mpira gani huo unaomkataza mtu kumwamkia dada ya babake.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Timu yetu ilikuwa na kamati, na kamati ilikuwa na mganga wake kule upande wa Lunga Lunga. Alfajiri ya mechi nililetewa vuo, yaani beseni la maji yaliyolowekwa majani ya dawa, nikanawa mikono mpaka viwikoni, nikaiacha ikauke yenyewe bila taulo. Tangu hapo mpaka refa apulize kipenga cha mwisho, mkono wangu haukuruhusiwa kugusa mkono wa mtu. Ukigusa, nguvu imehama, na uliyemgusa ndiye aliyeondoka nayo. Glavu zilihesabiwa kuwa pazia, kwa hivyo timu zilipojipanga kusalimiana mimi nilikuwa nimekwisha kuzivaa zangu. Wapinzani hawakuuliza kitu, maana na wao walikuwa na mganga wao na mambo yao. Mpira wa pwani wakati ule ulichezwa hivyo, na anayesema ninazua aje anitazame usoni.

Mtu akiniuliza kama nilikuwa nikiamini, hunipanda hasira. Hilo ni swali la mtu ambaye hajasimama golini. Straika akikosa, watu husema bahati mbaya. Kipa akikosa mara moja tu, jina lake linasomwa mpaka sokoni. Ukiwa na kazi kama hiyo, mtu akikuletea beseni la majani utanawa, na ungeletewa pipa ungeingia mzima. Nilikuwa nikisali pia, Mungu ananijua. Msikitini baada ya adhuhuri watu hupeana mikono kulia na kushoto, na mimi siku za mechi nilikuwa nikimaliza sala nachomoka kabla ya jirani kugeuka. Imamu aliona akanyamaza, kwa kuwa naye alikuwa shabiki wetu wa kutupwa.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa mjomba wangu, kaka wa tumbo moja na mamangu. Kwetu sisi Wadigo mjomba si mtu wa kuja na zawadi za Idi tu. Neno lake lina uzito kuliko la baba, na babangu mwenyewe alilijua hilo akatulia. Mjomba alikuwa mfanyabiashara wa nazi na makuti. Ukipakia nazi kwenye lori, mmoja husimama chini akarusha na mmoja husimama juu akadaka, na anayedaka akizubaa atavunjwa meno. Mimi niliwekwa juu ya lori tangu sijabalehe. Mjomba alinitazama nikidaka, akanirushia mbili mbili, akanirushia akiwa amenipa mgongo, na sikuangusha. Akaenda uwanjani akamwambia kocha kwamba ana mtu wa kukaa golini. Mikono yangu niliipata hapo, kwenye nazi, kabla ya mganga yeyote kuiona.

Baadaye timu ilichukuliwa na hoteli moja ya Diani, na mimi nikawa mtu wa kulipwa kwa kudaka mpira. Kwa cheo nilikuwa mhudumu wa bwawa la kuogelea. Nilikunja taulo asubuhi, nikafanya mazoezi jioni, na mshahara ulikuja mwisho wa mwezi kama wa mtu mwenye digrii. Tulicheza ligi ya mkoa. Tulivuka feri kwenda Mombasa tukarudi na ushindi, na watu wa Likoni walinijua kwa sura. Mamangu alikuwa hawezi kununua samaki bila kuambiwa habari zangu. Raha ile nisiseme uongo, niliipenda.

Aliyesimama mbele yangu miaka yote hiyo alikuwa beki mmoja ambaye watu walimwita mbara, ingawa alizaliwa Ukunda na kuongea Kidigo kuliko baadhi ya Wadigo ninaowajua. Babake alikuwa Mkamba aliyekuja pwani kijana, akapata shamba kwenye makazi ya Shimba Hills, na karakana ya useremala hapo Ukunda kando ya barabara kuu. Milingoti ya magoli ya uwanja wetu aliichonga mzee huyo kwa miti ya mivinje, na ilisimama wima wakati magoli ya wenzetu yalikuwa yamepinda. Walikuwa watu wa kanisa. Beki wangu hakunawa dawa wala hakunywa kombe, yale maji ya aya zilizooshwa sahanini, na kamati haikumlazimisha, maana beki hana haja ya mikono. Alikuwa akinitania kabla ya kila mechi. Wewe umefungwa, alisema, mimi nimeokoka, tutaona leo nani atapitwa kwanza. Sikuwahi kumwona akigeuka nyuma kunitazama wakati mpira unakuja. Alijua nipo.

Halafu ukaja mwaka wa vurugu, mwaka ule wa uchaguzi. Sitaki kuyasimulia mengi, waliokuwapo wanayajua na wasiokuwapo hawatayaamini. Zilitupwa karatasi za kuwaambia watu wa bara waondoke, kwao si hapa. Kisha vibanda vikachomwa. Karakana ya mzee iliungua na mbao zake zote, na siku mbili tatu mtaa mzima ulinuka vanishi. Waliochoma wengine nilisoma nao. Mamake beki wangu na dada zake walikimbilia kanisani, na kutoka hapo wakapanda basi kwenda Ukambani kwa ndugu zao. Yeye na babake walibaki, na aliyewaficha alikuwa Mjomba. Aliwaweka kwenye banda lake la makuti, akawa anawapelekea chakula mwenyewe na kufunga mlango kwa kufuli kana kwamba mna mali. Nataka hilo likumbukwe kabla sijasema yaliyofuata.

Wageni wa hoteli waliondoka, wengine hawakuja tena. Mvua ya El Nino ikashuka juu ya hayo yote, barabara zikakatika, bwawa la hoteli likawa la vyura. Lango likafungwa, na timu ikarudi mikononi mwa kamati. Mjomba akailisha kwa nazi zake. Wachezaji wa bara walikuwa wameshatawanyika, akasalia yule beki tu, ambaye alikuwa akilala huku leo na kule kesho kwa marafiki. Babake alihamia shambani kule Shimba Hills. Nilikwenda kumtazama mara moja. Nilimkuta amekaa kwenye kiti mlangoni, na randa yake ya useremala ilikuwa chini kando ya mguu wake, imeanza kushika kutu. Aliniuliza kama milingoti bado imesimama. Nikamwambia imesimama. 

Ndipo ikaja habari kwamba timu moja kubwa ya Nairobi inatafuta kipa. Walikuwa wamenisikia. Mtu wao angekuja kunitazama katika mechi yetu ya mwisho wa msimu, nyumbani, na timu ya Mombasa. Akiridhika, kamati ingetoa ruhusa na ningekwenda kucheza mpira wa kulipwa wa kweli, si wa kukunja taulo. Nilikuwa na mke na mtoto mchanga na hoteli imefungwa. Usiku nililala nikiiona Nairobi, ambayo sijawahi kuiona mpaka hivi leo.

Siku ya mechi nililetewa vuo alfajiri, nikanawa. Mchana nikaenda uwanjani na mikono nyuma. Tulikuwa tukivalia katika darasa la shule ya msingi iliyo kando ya uwanja, na nilikuwa nimekwisha kuvaa glavu zangu beki wangu alipoingia. Alikuwa amechelewa, kitu ambacho si chake. Alimwendea kocha akamnong'oneza. Kocha akatuambia kwamba babake mwenzetu amefariki asubuhi ile hospitalini.

Hapo ndipo tulipokwama, na ninasema tulikwama kwa sababu hatukuwa na ubaya. Kwetu mtu akifiwa asubuhi, mchana maiti iko kaburini, na wewe unajua la kufanya: unakwenda nyumbani kwao, unakaa mkekani, unampa mkono wa pole, unakula kilichopikwa. Mtu huyu nyumba hakuwa nayo. Mamake alikuwa Ukambani. Maiti ilikuwa mochari ikingoja ndugu waje waichukue wakaizike bara. Matanga ya kumfuata hayakuwapo, na basi kila mmoja akasema pole kutoka alipokaa, akainama kufunga kamba za viatu. Kocha alimwambia aende akapumzike. Akajibu atakwenda kupumzika wapi, na kwamba afadhali akimbie.

Akaenda kukaa dawati la pembeni, peke yake. Alikuwa ameitia mikono yake kwapani. Nikamwendea. Aliponiona ninakuja aliinuka, akavichukua viatu vyake akavikumbatia kwa mikono miwili, akageukia dirishani. Moyo wangu uliuma. Nikasema ana haki. Mikono iliyowasha moto karakana ya babake ni mikono ya watu wangu, na sasa mzee amekufa kwa huzuni ya hiyo karakana, kwa nini autake mkono wangu? Nilisimama hapo nikijua vizuri kabisa nilichokuwa nimevaa na kwa sababu gani. Mkono wa pole hautolewi ukiwa na glavu. Hata mtu asiye na dini analijua hilo.

Nikaivua glavu ya kulia kwa meno.

"Lete mkono," nikamwambia.

Akatikisa kichwa. Akarudi nyuma mpaka ukutani. Nikaona hapo nikimwacha, nimemwacha kabisa, na mimi nina kichwa kigumu, mamangu alikuwa akisema nilizaliwa nimekunja ngumi. Nikavitoa vile viatu kifuani mwake, nikaushika mkono wake, nikaushikilia. Ulikuwa baridi. Nikamwambia Mungu amlaze mahali pema. Alinitazama kwa macho ya mtu aliyeona gari likimjia. Nikafikiri ni uchungu wa msiba.

Dirishani nje alikuwa amesimama mtunza vifaa wetu, mtu mwenye macho makali na mdomo usiofungika.

Mechi tulihitaji sare tu ili tubaki katika ligi. Mtu wa Nairobi alikaa kwenye kiti cha plastiki chini ya mikanju, amevaa koti kwenye joto lile. Kipindi cha kwanza nilicheza. Nilipangua moja ya juu iliyokuwa inaingia kwenye pembe, na nikamwona yule mtu wa koti akimwinamia Mjomba kumwambia kitu, na Mjomba akacheka na meno yote. Beki wangu alicheza kama mtu anayetaka kuumia. Alijitupa chini kwa kila mpira.

Kipindi cha pili kilikuwa kimesogea sana mpira ulipopigwa kutoka mbali, karibu na nusu ya uwanja. Haukuwa shuti. Mtu alitaka kuuondoa tu. Ulikuja juu, polepole, na jua lilikuwa mgongoni kwangu. Nilikuwa na muda wa kuuwaza, na huo ndio ulioniponza. Badala ya kutazama mpira nilitazama mikono yangu. Nikauliza: imo? Bado imo? Mpira ukagusa viganja, ukapita katikati, ukanidundia magotini, ukaingia taratibu, ukasimama kabla hata haujafika wavuni.

 Yule mtu wa koti alipanda gari lake akaondoka kabla ya kipenga cha mwisho. Bao lilikuwa hilo moja, na ligi tukaiaga.

Asubuhi yake Mjomba aliniita bandani kwake, sisi wawili tu. Alikuwa amekwisha kusikia. Mtunza vifaa alikuwa ameeneza kwamba ameona mkono wangu ukiwa ndani ya mkono wa mbara, glavu imevuliwa. Mjomba hakunifokea. Alinimenyea dafu akanipa, kisha akasema maneno ambayo niliyaelewa yote. Mtu wa Nairobi hajakata tamaa. Amemwambia kipa mzuri hukosea mara moja, na ule mpira nilioupangua kipindi cha kwanza umemtosha. Kamati itakutana alasiri. Watu wana hasira, na hasira haina budi kupata pa kukaa.

"Wewe nyamaza tu," aliniambia. "Ukinyamaza, juma lijalo uko Nairobi."

Nikamuuliza na mwenzangu je. Akasema huyo anakwenda zake bara kuzika, huenda asirudi, jina lake likitajwa litamdhuru nini? Alisema hivyo akikwepa kunitazama. Alinipenda, na ubaya wote wa siku ile ulitoka katika kunipenda.

Baada ya sala ya alasiri watu walijaa bandani, kamati na wachezaji, na vijana wengine wakakaa nje wakisikiliza, wale wale ambao mwaka uliopita walikuwa wamebeba madumu ya petroli. Beki wangu hakuwapo, alikuwa akisubiri ndugu zake kituo cha mabasi. Mtunza vifaa akasimama akasema alichokiona. Mmoja akauliza nani alimshika mwenzake. Mwingine akajibu hilo linahitaji kuulizwa? Mtu amechomewa karakana, babake amekufa, anajua siri ya mikono ya kipa tangu zamani, akauchukua mkono wake mchana kweupe ili atuzike sote pamoja na babake. Watu wakasema ehee. Ikawa sasa kila mtu anakumbuka jambo: pasi aliyokosa mechi fulani, siku aliyokataa kunywa kombe. Nilimtazama Mjomba. Alikuwa anahesabu tasbihi.

Kisha kijana mmoja kutoka nje akauliza, kwa sauti ya kawaida tu, kama anauliza bei ya sukari, "Kwani siku hizi analala wapi?"

 Kila mtu mle ndani alijua swali hilo ni la nini, maana liliulizwa pia mwaka uliopita.  Niliiona Nairobi, ninasema kweli, niliiona na taa zake, na mke wangu akishuka basi na mtoto mgongoni. Nikasimama.

"Mkono niliutoa mimi," nikasema. "Yeye aliukataa. Nilimshika kwa nguvu."

Mjomba akaniambia nikae. Nikamwambia sikai. Nikamwambia mwenye neno aje aniulize mimi analala wapi, maana kuanzia leo analala kwangu, na nyumba yangu wanaijua. Niliyasema mengine pia, ya kuwataja watu na madumu yao, ambayo kipindi kile mtu hakuyasema kwa sauti. Kichwa kilikuwa kimeniwaka. Wale vijana wa nje walitazama chini, mmoja mmoja wakaondoka.

Ikawa sasa hasira yote inanitazama mimi. Mwenyekiti hakuwa na pa kunificha. Nilikuwa nimemvua nguo mbele ya kamati yake, mimi mtoto wa dada yake, niliyeletwa golini kwa mkono wake. Alizungusha tasbihi mpaka mwisho, akasema kwamba msiba wa kujitakia hauambiwi pole. Akatangaza kuwa mimi si kipa wa timu tena, na kwamba kamati haitoi ruhusa niende timu yoyote. Sauti haikumtetemeka, lakini hakuweza kuinua macho.

Beki wangu alilala kwangu siku zile, yeye na ami zake wawili waliokuja kuichukua maiti. Sikumwambia kilichotokea bandani, na kama aliambiwa na wengine hakulitaja. Walipopakia jeneza kwenye gari alinipungia mkono kutoka kiti cha nyuma. Hakurudi kucheza tena pwani.

Mimi nilijaribu. Niliidakia timu ya Msambweni msimu mmoja, nikaenda mpaka Vanga ambako uwanja hujaa maji ya bahari. Kila mpira ulipokuja nilitazama mikono. Walinishauri nirudi kwa mganga nioshwe, kwamba ni jambo la kuku mmoja na ubani, nikakataa kwa kiburi. Kukubali kuoshwa kungekuwa kukubali kwamba mkono ule wa pole ulikuwa uchafu. Basi nikabaki mtu asiyeamini dawa na ambaye dawa imemharibu. Watu hucheka nikiwaeleza hilo, mimi silioni la kuchekesha. Sikufika miaka thelathini nikatundika glavu.

Nikarudi juu ya lori. Mjomba alinipokea bila neno, tukafanya kazi pamoja miaka mingi, tukaongea habari za bei na mvua tu. Yeye chini anarusha, mimi juu ninadaka. Sikuangusha hata moja. Wakati mwingine alirusha mbili mbili, kama zamani, nikazidaka, akasimama kidogo akinitazama na mkono kiunoni, kisha akainama kuchukua nyingine.

Alifariki akiwa mzee, kitandani mwake, na tukamzika siku hiyo hiyo alasiri. Kesho yake nilikuwa nimesimama mlangoni pa matanga, mimi ndiye mwenye msiba, watu wakipita kunipa mkono. Katika foleni nikamwona mtu mrefu mwenye mvi, amevaa suruali ya kanisani. Nilimjua kwa mabega. Alikuwa amesafiri kutoka Ukambani tangu habari ilipomfikia. Alisema asingeweza kukosa kumzika mtu aliyemfungia mlango kwa kufuli, ingawa amechelewa maziko.

Alinipa mkono, nikaupokea. Halafu akasema kuna jambo amekaa nalo. Alikuwa akisikia watu wakisema kwamba siku ile nilimpa mkono hali ananichukia, na kwamba mimi mwenyewe nilikuwa nikisema hivyo. Nikamwambia ndiyo, nilikuwa nikisema, maana nilimwona akijificha.

"Nilikuwa naificha mikono wewe usiiguse," akasema. "Nilijua imefungwa. Babangu alikuwa amekwisha kufa. Sikutaka na Nairobi yako ife siku hiyo hiyo."

Nilitaka kukasirika. Nilitafuta wa kumkasirikia, nikamtafuta Mjomba, mganga, mtunza vifaa, nikajitafuta mwenyewe. Nikamuuliza mbona yeye hakuwa akiamini mambo yale, si alikuwa ameokoka? Akasema yeye haamini, lakini alijua mimi ninaamini, na hilo lilimtosha. Nyuma yake foleni ilikuwa imeshafika barabarani, wazee wakikohoa ili tusogee, na mimi mkono wake nilikuwa bado sijauachia.